Dawa za 'bure' za UKIMWI: Pesa zake hutoka wapi, na hukwama wapi?

Mwezi wa Machi mwaka 2025 mama mmoja muuza mboga alikuja katika zahanati yangu hapa Nairobi akilalamikia kikohozi. Nimemtibu yeye na watoto wake kwa miaka tisa, kwa hivyo nilijua kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI na kwamba dawa zake huzichukua katika kituo cha afya cha serikali, si kwangu. Kikohozi chenyewe hakikuwa cha kutisha. Lakini nilipomwuliza kama angali anameza dawa zake kila siku, aliinamisha kichwa.

"Daktari, nameza leo, kesho naruka," akasema. "Redioni walisema Mmarekani amefunga pesa. Nikaona afadhali hizi nilizo nazo nizibane zifike Krismasi."

(Amenipa ruhusa niandike haya. Jina lake na mtaa wake nimevificha.)

Msomaji mpendwa, kabla sijasema lolote kuhusu pesa, acha niseme la kidaktari kwanza, kwa maana mama huyu hakuwa peke yake. Katika majuma yale niliwaona wagonjwa watatu waliokuwa wakifanya vivyo hivyo. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazivimalizi virusi mwilini. Huvizuia visizaane. Kiasi cha dawa kinaposhuka katika damu, virusi huamka na kuanza kuongezeka, na miongoni mwa hivyo vinavyoongezeka hutokea vichache vilivyozoea kuishi na dawa ile ile. Huo ndio usugu. Kidonge kinachotumika sasa, chenye dawa tatu ndani yake ikiwemo dolutegraviri, ni kigumu kushindwa kuliko vile vya zamani, lakini hakikuundwa kimezwe siku moja na kurukwa siku moja. Ukizibana dawa zako hivyo, huweki akiba. Unavifundisha virusi.

Nilimweleza hayo, akaelewa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu mwenye kikohozi: "Sasa hizo pesa zilikuwa za nani hasa? Na mtu mmoja huko anawezaje kuzifunga asubuhi moja?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hapa nina nafasi zaidi, na naamini kila mtu anayemeza kidonge hicho, au aliye na ndugu anayekimeza, anastahili jibu kamili.

Tuanze na miaka iliyotangulia. Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa udaktari. Katika wadi nilimofunzwa wagonjwa walilala wawili wawili kitanda kimoja, na tulichoweza kuwapa ni dawa za kuharisha, za kifua kikuu na za utando wa mdomoni. Dawa zenyewe za UKIMWI zilikuwapo duniani. Mwaka 2000 matibabu ya mtu mmoja kwa mwaka yaligharimu zaidi ya dola 10,000. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa chini ya dola moja kwa siku, lakini hata hiyo dola moja ilikuwa nje ya uwezo wa wengi waliolala katika vitanda vile.

Januari mwaka 2003 Rais George W. Bush aliliambia Bunge la Marekani kwamba angetaka dola bilioni 15 zitumike kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI. Sheria ikapitishwa mwezi wa Mei mwaka huo. Mpango huo ndio uitwao PEPFAR, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa. Nilipohitimu, vitanda vile vilikuwa vimeanza kubakia na mgonjwa mmoja mmoja. Hilo nililiona kwa macho yangu, na sitaki msomaji adhani kwamba ninayoyasema hapa chini ni ya mtu asiye na shukrani.

Sasa, pesa hizo hupangwaje? Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1 na kumalizika Septemba 30, tofauti na wetu unaoanza Julai 1. Rais wao hupeleka mapendekezo ya matumizi mapema katika mwaka. Hayo ni mapendekezo tu. Katiba yao imelikabidhi Bunge, yaani Kongresi, ufunguo wa hazina: hakuna senti inayotoka pasipo sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi na Baraza la Seneti. Misaada kwa nchi za nje ina mswada wake. Ndani ya mswada kuna fungu la afya ya dunia, na ndani ya fungu hilo kuna kiasi kilichotajwa kuwa cha UKIMWI, kingine cha malaria, kingine cha kifua kikuu, kingine cha afya ya mama na mtoto. Aghalabu wabunge hawamalizi kazi hiyo kufikia Oktoba 1, na mambo huendeshwa kwa sheria za muda. Mwaka 2025 walishindwa kukubaliana kabisa, na ofisi nyingi za serikali yao zikafungwa kwa siku 43.

Pengine utadhani ni sehemu kubwa ya bajeti yao. La hasha! Misaada yote kwa nchi za nje, ya afya, ya chakula na hata ya kijeshi, kwa kawaida imekuwa takriban asilimia 1 ya matumizi ya serikali yao. Kwa miaka mingi kura za maoni zimeonyesha kwamba raia wao wa kawaida hudhani ni kama robo. Mwanasiasa wa kule anapotangaza kwamba amepunguza misaada, hushangiliwa na watu wanaodhani ameokoa mlima, ilhali ameokoa kichuguu. Huku kwetu kichuguu hicho kilikuwa paa la nyumba.

Fedha hizo hazikuwahi kutoka bila masharti. Sheria ya mwaka 2003 ilitaka asilimia 55 ya pesa za UKIMWI ziende katika matibabu. Katika zile zilizotengewa kinga, theluthi moja ililazimika kutumika kuhubiri kujiepusha na ngono hadi ndoa, na sharti hilo likalegezwa mwaka 2008. Hapo mwanzo hata dawa za bei nafuu kutoka India hazikununuliwa kwa pesa hizo mpaka zikaguliwe na idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, ambayo ilianzisha njia ya kufanya ukaguzi huo mwaka 2004. Katika chakula cha msaada mambo yalikuwa vivyo hivyo: kwa sheria ya mwaka 1954, angalau nusu ya shehena lazima isafirishwe kwa meli za Marekani, na kwa miaka mingi kiwango kilikuwa robo tatu, mpaka kikarudishwa kuwa nusu mwaka 2012. Wazazi wetu wangali wanayakumbuka mahindi ya manjano ya njaa ya mwaka 1984. Wachache kati yao waliwahi kujua kwamba gharama ya msaada huhesabiwa pamoja na nauli ya meli ya huyo anayesaidia.

Pesa zikishapitishwa, msomaji, hazipakiwi kwenye ndege kuletwa kwa Waziri wetu wa Fedha. Hili ndilo jambo ambalo wagonjwa wangu hawalijui, na nakiri hata sisi madaktari tulikawia kulielewa. Sehemu kubwa haikuingia kabisa katika Hazina ya Kenya. Washington iliigawia idara zake: shirika la USAID, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, na hata jeshi. Ndiyo, jeshi. Kule Kericho na sehemu za kusini mwa Bonde la Ufa, kazi ya UKIMWI iliendeshwa kwa miaka mingi kupitia kitengo cha utafiti wa tiba cha jeshi la Marekani. Idara hizo nazo zilitoa kandarasi kwa vyuo vikuu, makampuni na mashirika, nyingi zikiwa za Kimarekani. Hao wakawapa kandarasi ndogo ndogo mashirika ya hapa. Mwisho wa mnyororo huo alikuwa kijana aliyeketi katika chumba chenye pazia akimshauri mtu aliyepimwa na kukutwa na virusi.

Mpango wa kila mwaka ulijadiliwa baina ya maafisa wa Marekani, Wizara yetu ya Afya na mashirika. Idhini ya mwisho ilitoka Washington. Kwa hivyo mbunge wako hakuweza kuziuliza pesa hizo bungeni kama anavyouliza za barabara, kwa sababu sehemu kubwa haikuwa katika kitabu chake. Sisi tulistarehe. Dawa zilifika, mashine zilifika, mishahara ya washauri ilifika, na nani ana wakati wa kuuliza daftari liko wapi?

Tulionywa mapema. Mwaka 2021 shehena ya dawa za UKIMWI zilizotolewa na Marekani ilikwama katika bandari ya Mombasa kwa muda wa miezi. Serikali yetu ilikuwa imedai ushuru, nao Wamarekani hawakutaka dawa zao zipitie KEMSA, shirika letu la kusambaza dawa, ambalo wakati huo lilikuwa limechafuliwa na kashfa za pesa za korona. Wagonjwa waliozoea kupewa dawa za miezi mitatu wakapewa za majuma machache. Watu wanaoishi na virusi waliandamana barabarani wakiwa wameshika chupa tupu. Mgogoro ukamalizwa, dawa zikatoka, nasi tukasahau.

Mlango wenyewe ulifungwa Januari mwaka 2025. Siku aliyoapishwa, Januari 20, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kusimamisha kazi hata kwa miradi ambayo pesa zake zilikuwa zimekwisha kupitishwa. Muda si muda ilitangazwa ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha, dawa za UKIMWI zikiwemo, lakini ruhusa ya karatasi haiendeshi lori. Hapa Nairobi kulikuwa na dawa zilizokwisha kununuliwa, ziko ghalani, ila hakuna wa kulipia usafiri wa kuzifikisha zahanati. Maelfu ya Wakenya waliokuwa wakilipwa kupitia miradi hiyo, washauri, mafundi wa maabara, makarani wa takwimu, akina mama waliowafuatilia waja wazito wenye virusi, waliambiwa wasije kazini kesho. Mwezi wa Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Kufikia Julai 1 shirika lenyewe, lililoundwa mwaka 1961 wakati wa Rais Kennedy, halikuwapo tena. Kazi iliyosalia iliingizwa katika Wizara ya Mambo ya Nje.

Mama wa mboga aliuliza mtu mmoja anawezaje. Wengi kule Marekani waliuliza vivyo hivyo. Wana sheria ya mwaka 1974, iliyotungwa baada ya Rais Nixon kukatalia pesa zilizopitishwa na Bunge, inayosema kwamba rais asiyetaka kutumia pesa lazima aliombe Bunge lizifute, na Bunge lina siku 45 za kukubali. Julai mwaka 2025 Bunge lilikubali kufuta dola bilioni 9, nyingi kati ya hizo zikiwa za misaada ya nje. Kwenye orodha ya kwanza kulikuwa na dola milioni 400 za PEPFAR. Maseneta kadhaa walikataa, zikaondolewa. Kisha mwishoni mwa Agosti rais aliomba kufutwa kwa dola nyingine bilioni 4.9. Hebu hesabu, msomaji: kutoka mwisho wa Agosti hadi Septemba 30 hazifiki siku 45. Mwaka wa fedha uliisha kabla ya Bunge kulazimika kujibu, na pesa nyingi zikafa kwa kupitwa na tarehe, kama dawa iliyokaa kabatini. Mashirika yalikwenda mahakamani. Septemba 26 Mahakama ya Juu iliiruhusu serikali iendelee kuzizuia wakati kesi ikisikizwa.

Pesa zilizopitishwa si pesa zilizotumika. Wagonjwa wangu wanapoambiwa kwamba "Marekani imetenga" kiasi fulani, siku hizi nawaambia waulize kimetoka.

Septemba 18 mwaka huo huo Wizara ile ilitoa mkakati mpya wa afya ya dunia. Humo mna hesabu iliyonikera na ambayo sikuweza kuikanusha. Inasema kwamba ni takriban asilimia 40 tu ya misaada yao ya afya iliyokwenda kununua dawa na vifaa na kuwalipa wahudumu wanaowagusa wagonjwa. Asilimia 60 ililiwa na ushauri wa kitaalamu, usimamizi na gharama za ofisi. Nimehudhuria semina za hoteli za nyota tano kuhusu umaskini, kwa hivyo siwezi kudai kwamba hesabu hiyo ni ya uongo mtupu. Hata hivyo mimi ni daktari, na najua kilichomo katika hiyo sitini. Mna semina, naam. Mna pia mfumo wa kompyuta unaomwonyesha muuguzi kwamba fulani hakuja kuchukua dawa, na aliyewafundisha wahudumu kuutumia, na aliyehakikisha kwamba sampuli ya damu iliyotolewa leo inafika maabara kesho ikiwa bado inafaa. Ukikata sitini yote kwa panga moja, utakata mafuta pamoja na mshipa.

Mkakati huo ulisema Marekani itaendelea kulipia dawa na wahudumu wa mstari wa mbele kwa mwaka wa kwanza, kisha mzigo uhamishiwe serikali za nchi husika hatua kwa hatua, kwa mikataba ya nchi na nchi. Kenya ikawa ya kwanza kutia sahihi, kule Washington, Desemba 4 mwaka 2025, Rais William Ruto akishuhudia. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, yaani takriban shilingi bilioni 208. Kenya nayo iliahidi kuongeza dola milioni 850 zake yenyewe, kama shilingi bilioni 110, katika muda huo huo. Kabla wino haujakauka, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kupeana habari za wagonjwa, na mimi kama daktari nashukuru kwamba kuna aliyeuliza. Siri ya mgonjwa haikuwa ya serikali yoyote kuiuza wala kuibadilisha kwa msaada.

Je, tunaweza kubeba? Nilikaa na kikokotoo usiku mmoja. Mwaka 2023 bei ya kile kidonge cha tatu kwa kimoja ilishuka chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka, ambazo hazifiki shilingi 6,000. Kenya ina takriban watu milioni 1.3 wanaoishi na virusi. Hata tukimpa kila mmoja wao, ni kama dola milioni 58 kwa mwaka, yaani shilingi bilioni 7.6 hivi, katika nchi ambayo bajeti yake imezidi shilingi trilioni 4. Hicho si kiasi cha kutushinda. Nilichokiona kigumu ni yale mengine: mishahara, vipimo, usafiri, vifaa vya watoto wachanga. Haya tangu ugatuzi yako mikononi mwa kaunti 47, na wauguzi wao unajua mwenyewe hugoma mara ngapi kwa kucheleweshewa mishahara. Viongozi wa Afrika, wetu wakiwemo, waliahidi kule Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda katika afya. Kenya haijafika huko. Naweza kuilaumu Washington kwa kufunga mlango usiku bila kubisha, na ninailaumu. Nyumba lakini ilikuwa yetu.

Basi wewe unayemeza dawa ufanye nini? Meza kila siku, saa ile ile, hata redio iseme nini. Usigawane chupa na mwenzako. Kama kituo chako kimefungwa au mshauri wako ameondolewa, nenda kituo chochote cha serikali kilicho karibu ukiwa na kadi yako, na ikiwa huna kadi, nenda na chupa tupu ili waone unachomeza. Omba dawa za miezi mitatu, au zaidi ikiwa hali yako ni tulivu na akiba ipo. Uliza tarehe ya kipimo chako cha kiwango cha virusi, na kikicheleweshwa, uliza tena. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama dawa ingali inafanya kazi. Na kama uliruka siku au majuma kadhaa kwa hofu, usione haya. Sema ukweli. Hakuna daktari mwenye akili atakayekugombeza kwa kuogopa.

Yule mama alirudia dawa zake siku ile ile. Kipimo cha virusi alichofanyiwa baadaye kilichukua majuma saba kurudisha majibu, ilhali miaka iliyopita yalikuja kwa mawili, na katika majuma hayo alinipigia simu mara tano. Majibu yalipokuja, virusi havikuonekana. Aliponijia tena alikuwa na kikohozi kingine, na swali lingine.

"Daktari, ule mwaka wao wa pesa ulisema unaisha lini?"

"Septemba thelathini."

Akaitoa kadi yake kwenye mkoba wa plastiki, akaitazama tarehe ya kurudi. Ilikuwa katika juma la kwanza la Oktoba. Akaniomba kalamu, akaandika nyuma yake: niende mapema.